Kilio Katika Dansi: Kazi ya Remmy Ongala

Katika soko la Mchikichini, upande wa Ilala usio mbali na Kariakoo, nguo za mitumba hufunguliwa na kutengwa mafungu. Mashati huwekwa na mashati, suruali na suruali, magauni na magauni. Mnunuzi hujua pa kuelekea, na mwuzaji hujua bei ya kila fungu. Nguo isiyo na fungu huwekwa kando mpaka apatikane fundi wa kuikata upya. Mji wa Dar es Salaam umefanya vivyo hivyo kwa muziki wake. Dansi ina kumbi zake, taarabu ina vilabu vyake, ngoma ina viwanja vyake, na kwaya ina kanisa lake. Utaratibu huu una manufaa yake, lakini una kosa moja lisilo dogo: humhukumu mtungaji kwa fungu alilotiwa, kabla hajasikilizwa.

Remmy Ongala alitiwa katika fungu la dansi, na fungu hilo halikumtosha. Wapo waliomwita mwanadansi, wapo waliomwita mhubiri, wapo waliomwita mtetezi wa wanyonge, na wengi walimwita Daktari. Mwisho wa maisha yake aliitwa mwimba Injili. Kila jina lina chembe ya kweli, na hakuna hata moja lenye ukweli wote. Yafaa basi kuuliza ni jambo gani hasa alilolitenda katika wimbo ambalo wenzake hawakulitenda, na kama jambo hilo lilimfaa kila alikolipeleka.

Kabla ya kumtazama yeye, ni lazima kuutazama ukumbi alimoingia. Dansi ya Dar es Salaam ilikuwa na umri mkubwa alipofika. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baada ya uhuru vyama na mashirika yalichukua nafasi ya kulea bendi: NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, ikaja kuwa mali ya shirika la maendeleo la mji, DDC, ambalo ukumbi wake wa Kariakoo ulipata sifa kubwa. Vyombo aghalabu vilikuwa mali ya shirika au ya mfanyabiashara. Mpigaji alikuja na vidole vyake na koo lake. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo: Msondo wa NUTA, Sikinde ya Mlimani. Majina hayo yametoka katika ngoma za Wazaramo. Rumba nayo ilitoka Kyuba, ikapita Kongo, ikafika Pwani. Kwa hiyo kuchanganya midundo hakukuwa uzushi wa mtu mmoja. Dansi yenyewe ilikuwa mchanganyiko tangu siku yake ya kwanza, na anayemsifu Ongala kwa kuchanganya tu humsifu kwa jambo lililokuwa desturi ya mji mzima.

Ramazani Mtoro Ongala, ambaye wengi humjua kwa jina la Remmy, alizaliwa mwaka 1947 katika sehemu za Kindu, mashariki ya Kongo, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Wabelgiji. Kindu iko kando ya mto Lualaba, katika jimbo la Maniema, ambako Kiswahili kilifika katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani. Lugha iliyokwenda huko na misafara ndiyo iliyorudi Dar es Salaam katika kinywa cha mpiga gitaa. Habari ya kuzaliwa kwake ilisimuliwa mara nyingi: alikuja duniani akiwa na meno, na kwa desturi ya kwao mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa na kipaji cha uganga. Jina la Daktari lilichipuka katika shina hilo. Msomaji aweza kuiamini habari hiyo au kuikataa. Neno lenye maana kwa mhakiki ni kwamba Ongala aliichukua kwa uzito, akaifanya kuwa wito wa sanaa yake. Mganga hamwiti mtu ili kumfurahisha. Humwita ili amtazame penye kidonda.

Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akajiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Miongoni mwa nyimbo zake za kwanza zilizopata sikio la watu ni Siku ya Kufa. Makassy ilipohamia Nairobi, yeye alibaki, akaingia katika Orchestra Matimila, iliyojulikana baadaye kuwa Super Matimila. Hapo ndipo alipopata bendi iliyofuata fikira zake, na hapo ndipo alipoupa muziki wake jina la ubongo. Jina hilo lina mizizi miwili. Dar es Salaam huitwa Bongo kwa sababu mkazi wake huishi kwa akili. Na muziki wa ubongo ni muziki unaodai akili ya msikilizaji. Wakati bendi nyingine zilipochukua majina ya mitindo yao katika ngoma za kuchezwa kwa viungo, yeye alichukua jina lake kichwani. Tofauti hiyo yaweza kuonekana kuwa ya maneno tu, lakini ndani yake mna nia nzima ya kazi yake.

Nia hiyo haionekani vema mpaka umbo la wimbo wa dansi lichunguzwe. Nyimbo nyingi za dansi ya Tanzania hugawanyika sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwendo ni wa taratibu. Mwimbaji husimulia habari yake ubeti kwa ubeti, na magitaa humnyanyua bila ya kumfunika. Kisha huja chemko. Mwendo hupamba moto, magitaa hujibizana, waimbaji hurudia maneno machache, na wachezaji hupata walichokuja kukitafuta. Katika nyimbo zisizo na kina, sehemu hizi mbili huishi kama majirani wasioamkiana. Habari huisha, dansi huanza, na anayecheza hana haja ya kukumbuka alichoambiwa. Ubeti huwa ada ya mlangoni. Ikisha kulipwa, mtu huingia ndani na kuisahau.

Waliozoea ushairi wa Kiswahili wataitambua shida hii. Sheikh Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliwakumbusha watungaji kwamba shairi lina viungo, na viungo havina budi kutii mwili mmoja. Mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti hauwekwi kwa pambo. Ukiwa umetungwa vema, huwa na uzito zaidi kila unaporudi, kwa sababu ubeti uliotangulia umeutia maana mpya. Mtungaji dhaifu huurudia kwa kuwa umetakiwa kurudiwa. Mtungaji hodari huurudia kwa kuwa haujamalizika kusema.

Ongala aliifanya chemko iwe kituo cha namna hiyo. Hili ndilo jambo lake, na katika hili hana wengi wa kulinganishwa naye. Katika nyimbo zake bora habari ya ubeti haikomi magitaa yanapokaza mwendo. Huingia nayo katika dansi. Mchezaji hufika penye raha akiwa amebebeshwa mzigo, na miguu yake inapoanza kwenda, inakwenda chini ya mzigo ule. Mara nyingi Ongala huongeza maneno ya kusemwa, yasiyoimbwa, katikati ya mapigo, kama mzee anayezungumza barazani huku watu wakipita. Sauti yake si tamu kwa kipimo cha waimbaji wakubwa wa wakati wake. Ni nzito, ina mikwaruzo, na haioni haya kuonyesha uchovu. Lakini sauti tamu isingeweza kuchukua kazi hiyo, kwa maana utamu hualika usahaulifu, naye alitaka watu wakumbuke.

Wimbo wa Kifo ndio ushahidi mkubwa. Kufa si jambo la ukumbi wa dansi kwa desturi ya mji wowote. Kifo kina mahali pake, nacho kina sauti zake: kilio, dua, na kimya cha matanga. Ongala alikitoa kifo katika mahali pake, akakileta mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheze, akakilalamikia kama mtu anavyomlalamikia jirani mwovu. Tena hakukitungia wimbo wa huzuni usiochezeka. Magitaa ya Kifo yana mwendo unaonyanyua miguu. Watu walicheza. Walicheza huku wakiambiwa kwamba kile kinachowachukua hakichagui wala hakingoji. Hapo mchezo wenyewe ukawa jibu: aliye hai hana jibu jingine la kukipa kifo ila kuonyesha kwamba bado yu hai. Ubeti ukiondolewa, chemko inakuwa kelele tupu. Chemko ikiondolewa, ubeti unakuwa mawaidha. Mawili yakiwa pamoja hupatikana kitu ambacho dansi haikuwa nacho, na mawaidha hayakuwa nacho.

Hapana budi kusikiliza hoja ya upande wa pili. Yawezekana kusemwa kwamba wimbo wa kuonya na kuhukumu ulikuwako kabla yake. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri kule Bombay mwaka 1928, aliimba mambo ya mahakama na dhuluma ya wenye nguvu. Marijani Rajab aliimba visa vyenye mafunzo kama Mwanameka na Zuwena, na watu wakavishika kama hadithi. Hoja hiyo ni ya kweli, na yeyote anayemfanya Ongala kuwa mtu aliyezuka bila ya wazazi hamtendei haki. Lakini tofauti iko katika nafasi ya msikilizaji. Katika kisa cha Marijani kuna mtu fulani aliyekosa au aliyetendwa, na msikilizaji humtazama kutoka mbali, akimhukumu au akimwonea huruma. Katika wimbo wa Ongala hakuna pa kusimama mbali. Kifo ni cha kila mtu, unyonge ni wa karibu kila mtu aliyekuwamo ukumbini, na mwimbaji husema kama mmoja wao. Wimbo wa Sauti ya Mnyonge unaitangaza nafasi hiyo kwa jina lake.

Jaribio la hatari zaidi lilikuja mwaka 1990. Ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa umejulikana nchini tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa Kagera, na maneno ya kuusema hadharani yalikuwa haba kuliko wagonjwa wenyewe. Ongala alitunga Mambo kwa Soksi. Soksi ni kinga ya kujamiiana, na watu wote walijua. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio ya pekee ya Tanzania Bara wakati ule, haikuupiga wimbo huo, kwa kuwa ulionekana kuvunja adabu. Watu waliupata kwa njia nyingine, kumbini na katika kaseti zilizonakiliwa na kuuzwa barabarani.

Swali la adabu hapa si dogo, wala halifai kudharauliwa. Lugha ya Kiswahili ina heshima zake, na mtu mzima hatamki kila kitu kwa jina lake mbele ya watoto na wakwe. Lakini desturi hiyo hiyo imempa mtungaji chombo cha kusema yasiyosemeka, nacho ni fumbo. Fumbo la Ongala lilikuwa jepesi, nusu likiwa limefunguliwa, na wepesi wake ulikuwa wa makusudi. Fumbo zito ni zuri katika majibizano ya malenga, ambako aliyeshindwa kufumbua hupoteza sifa tu. Katika habari ya maradhi yanayoua, aliyeshindwa kufumbua hupoteza maisha. Akilinganisha hasara mbili, mtungaji alichagua kupoteza kidogo katika adabu ili asipoteze katika watu. Mhakiki aweza kuona kwamba wimbo huo si bora wake kwa utunzi, nayo ni kweli. Lakini ndio unaoonyesha wazi kuliko nyingine kwamba daktari na mwanamuziki walikuwa mtu mmoja.

Wakati huo jina lake lilikuwa limekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1988 alizunguka na tamasha la WOMAD, na nyimbo zake zikatolewa Uingereza katika santuri ya Nalilia Mwana. Baadaye alirekodi katika studio za Real World, zilizo Box, Wiltshire, mali ya mwanamuziki Peter Gabriel. Humo zilitoka Songs for the Poor Man na, mwaka 1992, Mambo. Ufundi wa sauti ulikuwa wa hali ya juu kuliko ule uliopatikana nyumbani, na magitaa ya Super Matimila yalisikika kwa usafi ambao mashine za kwao hazikuweza kuutoa. Katika santuri ya kwanza ya Real World umo wimbo ambao jina lake ni swali la makala hii: Muziki Asili Yake Wapi. Swali hilo alilipeleka mahali panapostahili, kwa maana huko ng'ambo fungu jipya lilikuwa likimngoja, fungu la muziki wa dunia, ambamo huwekwa kila kisichokuwa cha Ulaya na Marekani.

Fungu hilo lilimpa wasikilizaji wengi, na lilimtoza gharama. Msikilizaji wa Uingereza alilipata gitaa bila ya neno. Aliisikia chemko bila ya mzigo unaopaswa kuingia nayo, na hivyo alirudishwa katika dansi ile ile ambayo Ongala alikuwa ameivunja. Yaelekea mtungaji mwenyewe aliona upungufu huo, kwa kuwa katika Mambo zimo nyimbo zenye majina na maneno ya Kiingereza, kama One World na No Money, No Life. Nia yake inaeleweka na inastahili heshima. Matokeo hayakuilingana nia. Kiswahili cha Ongala ni cha methali zilizopindwa, cha dhihaka inayojificha ndani ya upole, cha neno moja linalobeba mtaa mzima. Katika Kiingereza neno lile lile lilibaki na maana yake ya juu tu. Alilolisema lilikuwa kweli, lakini lilikuwa kweli ambayo mtu yeyote angeweza kuisema.

Katika santuri hiyo hiyo mna upungufu wa namna nyingine. Umo wimbo uliobeba jina la Augustine Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia mwaka 1990 hadi 1994, na aliyependwa na watu wengi wa hali ya chini. Mwaka 1995 Mrema alikihama chama tawala, akagombea urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwanasiasa hubadili kiti, na wimbo hauwezi kubadili ubeti. Kifo na unyonge havina tarehe, waziri anayo. Ongala alikuwa na nguvu zaidi aliposema na hali ya binadamu, na alipungukiwa alipomkabidhi mtu mmoja matumaini ya wengi.

Yabakia kutazamwa zamu ya mwisho. Katika miaka ya 2000, baada ya maradhi, Ongala aliiacha dansi akaimba Injili mpaka alipofariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba, 2010. Wapenzi wake wengi walihuzunika kama waliofiwa kabla ya msiba. Walisema amejikana. Shitaka hilo halina nguvu likipimwa kwa kazi yake. Aliyeimba Siku ya Kufa mwanzoni mwa safari yake ya Dar es Salaam hakwenda mbali alipoimba habari za roho mwishoni. Mada ni ile ile: binadamu ni dhaifu, siku zake zimehesabiwa, na maskini ana haki ya kusikilizwa. Hata kuhama kutoka fungu hadi fungu hakukuwa kugeni kwake, kwa kuwa hakuna fungu lililopata kumfunga.

Hata hivyo, haki ya mtu kuimba imani yake ni jambo moja, na nguvu za wimbo ni jambo jingine. Uhai wa Kifo ulitoka katika mgongano. Ubeti uliuliza, ukumbi haukuwa na jibu, na miguu ikajibu mahali pa ulimi. Katika wimbo wa Injili jibu limekwisha kutolewa kabla ya swali. Anayeuimba ana amani, na amani ni neema kwa mtu mgonjwa. Lakini ule mvutano wa zamani baina ya ubeti na chemko hauna tena kazi ya kufanya. Aliyekuwa akipeleka kilio katika dansi alikipeleka hatimaye mahali ambapo kilio kimezoea kufarijiwa. Alipata pumziko, na wimbo ukapoteza makali yake. Mhakiki mwadilifu atayasema yote mawili bila ya kulitumia moja kulifuta jingine.

Funzo la kazi hii kwa wanafunzi wa sanaa za Kiswahili ni pana kuliko jina la mtu mmoja. Mara nyingi muziki hupangwa kwa mdundo wake, mavazi ya wapigaji, au mahali unapopigwa. Vipimo hivyo vitatu vinamweka Ongala katika dansi bila ya shaka yoyote, na vyote vitatu vinashindwa kueleza kwa nini nyimbo zake hazifanani na nyingine. Kipimo cha nne, kinachosahauliwa, ni uhusiano wa neno na mwendo: neno humfanya nini mchezaji, na mchezo hulifanya nini neno. Kwa kipimo hicho mtungaji mmoja wa dansi aweza kuwa karibu na malenga wa mashairi kuliko alivyo karibu na bendi ya jirani yake. Wachunguzi wa taarabu na mashairi wamezoea kuuliza swali hili. Wachunguzi wa dansi bado hawajaliuliza vya kutosha, labda kwa kuwa gitaa la umeme na jasho la ukumbini huonekana si mahali pa elimu.

Katika Dar es Salaam kuna kituo cha basi kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Makondakta hukitaja mchana kutwa, na abiria wengi wanaoshuka hapo hawana nafasi ya kufikiri jina lilikotoka. Heshima ya namna hiyo si ndogo, maana imetolewa na watu bila ya kuamriwa na mtu. Lakini kituo ni mahali pa kushukia tu. Nyimbo za Ongala zinadai zaidi ya hapo: zinadai mtu azicheze huku akisikiliza, na azisikilize huku akijua kwamba anayeimbwa ni yeye.